Moshi Yenye Haina Harufu

Neno ya kwanza ilitokea ku bomba ya maji. Nilikuwa mu mustari na bidoni zangu, mujukuu yangu mugongoni, na jirani yangu mumoja, mwanamuke mwenye kinywa haina mufuniko, akavuta mukono ya mutoto, akaigeuza mbele ya watu wote, akauliza:

“Maman, huyu mutoto si iko na bwaki?”

Watu wote wakageuka kutazama. Bwaki ni ugonjwa ya mutoto mwenye hakuli: miguu inavimba, ngozi inabanduka, nywele inakuwa nyekundu sawa majani makavu. Lakini huku Bukavu bwaki haiko ugonjwa tu. Ni matusi. Kumwambia mutu mutoto yake iko na bwaki ni kumwambia: kwenu wakubwa wanakula nyama, mutoto analamba sahani. Miye nililea watoto mu vita, mu kukimbia, mu siku zenye tulipika bugali ya mihogo yenye kunuka, na hakuna hata mumoja aliingia bwaki mu mikono yangu. Hiyo nilikuwa naibeba sawa vile wengine wanabeba diploma.

“Bwaki iko kwako,” nikamujibu. “Kwangu tunakula mpaka mbwa anakataa.”

Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Lakini mukono ya mutoto ilikuwa ingali inje ya kitenge na kila mutu aliiona: nyekundu sawa imetoka mu maji ya moto, ngozi ya vidole inatoka vipande-vipande. Nikapanda kilima na bidoni moja. Ile ingine niliisahau palepale.

Huyu mutoto ni binti ya kijana yangu wa kwanza. Alikuwa ameingia mwaka wa tatu wa kuzaliwa, na alikuwa mutoto wa makelele: anaimba, anaigiza namna padri anakohoa mu misa, anapiga kuku na kanda-mbili. Kisha, sawa mutu amefunga mulango, akaacha kuimba. Akawa wa kulia tangu asubui, haiko kilio ya njaa wala ya adabu mbaya, kilio tu. Jasho ilikuwa inamutiririka hata siku ya baridi, na huku kwetu juu ya kilima, mvua ikinyesha, baridi haichezi. Alikuwa anaficha uso mu nguo yangu ju ya mwangaza. Mikono alikuwa anaitia mu beseni ya maji na kuiacha humo, sawa iko inaungua.

Sasa nieleze juu ya baba yake, ju bila yeye hakuna kitu ya kueleza.

Kijana yangu alikuwa mwalimu wa primeri. Njo wa kwanza mu ukoo yetu kuvaa soksi nyeupe siku ya kazi. Akipita mu barabara na chaki mu mufuko ya shati, nilikuwa namutazama mpaka anapotea ku kona. Lakini mushahara ya ualimu munaijua wenyewe, chaki haipikwi. Akaanza kushuka upande wa Bunyakiri kununua zahabu kwa wachimbaji, kidogo-kidogo, na kuiuzisha huku muji. Nyumba ikapata nyama. Mukamwana yangu, bibi yake, akapata kitenge mupya. Watu wakiniuliza kijana anafanya nini siku hizi, nilikuwa nasema: “Biashara.” Biashara gani, nilikuwa naacha waitafute.

Ile zahabu alikuwa hainunui safi. Wachimbaji wanachanganya muchanga yao na merkire, ile maji mazito ya kung’aa yenye wengine wanaita zebaki. Merkire inakamata zahabu, inakuwa kitonge ya rangi ya majivu, laini sawa bugali ya jana. Mwenye kuwa na haraka anauzisha kitonge vile vile, kwa bei ya chini. Mununuzi anaitia ku moto: merkire inaondoka na moshi, zahabu inabaki. Njo faida ya kijana yangu ilikuwa inatoka mu huo moto.

Na moto ilikuwa mu jikoni yetu. Mbabula ile ile, jiko ya makala yenye tulikuwa tunapikia sombe, majani ya mihogo. Kitonge aliiweka mu kopo ya sardini, kopo juu ya makala, na kabla ya kitu yote alikuwa anafunga dirisha, anasukuma gunia chini ya mulango. Tangu vita iliingia mu muji na mabanki ikafunga, kila mutu anaficha kitu yake mu nyumba, na kila mwizi anajua hivyo. Nyumba yenye inasikiwa kuwa na zahabu, wanaingia na bunduki. Kwa hiyo kufunga ilikuwa akili. Miye nilikuwa nakaa inje ku mulango, nachambua maharagi, na mutu akija namwambia watu wameenda.

Na mutoto je? Mutoto tulikuwa tunamufungia ndani pamoja na baba yake.

Musishangae. Mutoto wa umri ile hana siri. Angebaki inje na miye angeambia kila mwenye kupita: “Papa iko anapika zahabu.” Alikwisha kuisema mara moja, kwa mama wa kuuza tomati, na mama wa tomati, aksanti kwa Mungu, alizani ni muchezo. Tangu siku hiyo kijana yangu alisema mutoto akae ndani mpaka kazi iishe. Na mutoto mwenyewe alipenda. Alikuwa anachuchumaa karibu na kopo, kidevu ku magoti, anangoja majivu igeuke njano. Baba alikuwa pia na chupa ndogo ya merkire ya kuuzishia wachimbaji, alikuwa anaiacha ku ukingo wa dirisha. Wakati ingine alimumwangia mutoto tone moja mu sahani ili atulie. Tone ilikuwa inakimbia, inagawanyika, inarudi pamoja. Mutoto aliita hivyo vitu “sambaza”, ju ilikuwa inang’aa sawa wale samaki wadogo wa ziwa. Nilikuwa nasikia kicheko yake kupitia mulango.

Moshi yenyewe haina harufu. Ingekuwa inanuka sawa plastiki, ningevunja huo mulango siku ya kwanza.

Baada ya neno ya bomba nikasema: vizuri, wanasema bwaki, nitawaonyesha. Nikaanza kumulisha. Yayi asubui, uji ya soya, maharagi yenye nimeponda mwenyewe, sambaza za kweli za kukaanga. Na ju alikuwa anatetemeka na jasho pamoja, nilikuwa namulishia karibu na mbabula, mu ile jikoni, kila siku. Hakunenepa. Alianza kutupa kijiko. Mikono yake ilikuwa inacheza, uji inamwangika ku kifua, na nikimufuta ananipiga ku uso.

Kisha nikaona sabuni.

Mukamwana yangu alikuwa anajichubua. Hiyo haiko siri, nusu ya wanawake wa muji wanajichubua, vidole vinabaki vyeusi na uso inakuwa sawa papai. Lakini siku hiyo nilimukuta anaogesha mutoto na ile sabuni yake ya kung’arisha.

“Unafanya nini?”

“Namuogesha, mama.”

“Na sabuni ya uso yako?”

“Inatoa madoa. Watu wanamusema ngozi. Nilitaka itakate.”

“Weye unamuchuna mutoto yangu sawa mbuzi, kisha watu wanakuja kuniambia bwaki!”

Akasimama, maji inamutoka ku viwiko. Ni mwanamuke mupole, lakini siku hiyo hakuwa.

“Mutoto yako? Miye njo nilimuzaa. Weye unamushindilia chakula sawa unajaza gunia, ju ya kinywa ya majirani. Umeshamuuliza hata mara moja ni wapi panamuuma?”

 Akachukua sabuni, akaenda kuitupa mu choo, akarudi akakaa chini na kulia pamoja na mutoto. Nikawaogesha wote wawili na sabuni ya kufulia.

Sabuni ilienda, ugonjwa ikabaki. Asubui moja mutoto alikataa kusimama. Miguu ilikuwa iko pale, haikuvunjika, haikuvimba, lakini ilikuwa sawa si yake. Mukamwana akamufunga mugongoni, tukashuka mpaka ku kituo ya afya kule Ibanda, kwenye wanapimia watoto. Kijana yangu alikuwa amesafiri. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia bibi yake, sawa vile alikuwa anamwambia siku zote: mutu akiuliza kazi yangu, miye ni mwalimu.

Muuguzi akafunga mukono ya mutoto na ile utepe ya rangi yenye kupima njaa. Nilikuwa nimekaza meno. Utepe ikasoma ku kijani.

“Koko, huyu haiko na bwaki,” muuguzi akaniambia, koko ni sawa kusema nyanya. “Anakula vizuri.”

Nikasimama. Ukweli wa Mungu, nilisimama mbele ya ile benchi ya wamama na nikasema kwa sauti: “Munasikia? Anakula vizuri!” Furaha ilinishika sawa nimeshinda kesi. Kisha nikamwona muuguzi haniangalii. Alikuwa anageuza mikono ya mutoto, anatazama nyayo, anatazama meno. Akasema tungojee dokta.

Hapo njo nilianza kuogopa. Bwaki ninaijua, bwaki inapona na sahani. Sasa hii ilikuwa nini?

Dokta alikuwa mwanamuke kijana, na chumba yake ilikuwa imetengwa na benchi kwa pazia tu. Akauliza mambo yenye yalionekana hayafuatani. Mutoto anapakwa nini ku ngozi? Ku nyumba kulivunjika termometre ya kioo, mutoto akacheza na maji yake? Mukamwana akaeleza sabuni, macho chini. Dokta akasema sabuni zingine za kung’arisha zinatiwa merkire ndani, na ngozi ya mama inaweza kuipitisha kwa mutoto. Miye kusikia hilo neno, merkire, nikavuta mutoto mu magoti yangu.

“Na papa ya mutoto anafanya kazi gani?”

“Iko mwalimu,” mukamwana akasema.

“Ku nyumba hakuna mwenye kushika zahabu? Mwenye kuchoma?”

“Hapana, dokta.”

Alisema vizuri, bila kutetemeka, sawa vile bwana yake alimufundisha. Inje ya pazia benchi ilikuwa kimya. Mu Bukavu neno zahabu inanyamazisha watu kuliko maombi. Mutoto alikuwa amesukuma uso yake mu kwapa yangu ju ya taa. Shingo yake ilikuwa imelowana. Nikawaza kijana yangu na soksi zake nyeupe. Nikawaza bunduki. Kisha nikasikia kinywa yangu inasema:

“Anachoma. Mu jikoni. Dirisha imefungwa, na mutoto iko ndani.”

Mukamwana akafunga macho. Dokta akaweka bik yake ya kuandikia chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

“Mara mingi?”

“Kila akirudi.”

Akatueleza polepole, kwa sauti ya chini ju ya benchi. Merkire haipotei na moshi. Inashuka ku ukuta, ku sufuria, ku mukeka, ku nguo ya mwenye kuchoma, na mutoto, mwenye anapumua karibu na chini na kutia mikono mu kinywa, anaikusanya. Mukubwa anaweza kuibeba miaka bila kuanguka. Mutoto haiwezi. Dawa ya kuivuta mu damu iko, lakini haipatikani hapa ovyo, atatafuta. “Na hata nikiipata, koko, mukimurudisha mu ile nyumba tunamwanga maji mu kikapu.”

“Ataimba tena?” nikauliza. Sijui ju ya nini niliuliza hivyo, badala ya kuuliza atapona.

“Sijui,” akasema.

Kijana yangu alirudi mwisho wa juma. Nilimwambia mwenyewe, nimesimama, kabla hajakaa.

“Mama, umeniuza,” akasema. “Nyuma ya pazia! Watu wote wamesikia!”

“Nimekuuza kwa nani? Kwa mutoto yako?”

“Hiyo kitu naishika na mikono kila siku. Miye niko mugonjwa?”

“Weye uko na kifua ya ng’ombe. Yeye iko na kifua ya kifaranga.”

“Nani alijenga hii choo? Nani anaweka nyama mu sufuria yako? Ni ile moshi, mama. Munakula moshi hapa, wote, na weye wa kwanza.”

Alikuwa na haki. Nikavuta mukeka ya jikoni mbele yake. Sementi yetu ni ya zamani, imepasuka. Mu nyufa, pale jua ya mulango ilifika, ile vitu ilikuwa inang’aa, midogo sawa mayai ya chawa. Nikachukua fagio. Nilifagia, ikagawanyika, nikafagia tena, ikazaa. Kijana yangu alitazama, na kikombe ya chai yenye bibi yake alimupa ilikuwa inapiga sahani mu mukono yake. Ni siku hiyo tu niliona kwamba hata yeye mukono haitulii. Alikuwa na mwandiko nzuri sana zamani, ku ubao.

Tukaamua kuhama, ju nyumba haiogeshwi. Hiyo nyumba niliijenga na marehemu bwana yangu, bati kwa bati; nilibeba muchanga ya ile sementi ku kichwa, na mimba. Tuliacha mukeka, sufuria, magodoro. Niko na shamba kidogo Nyantende, na kibanda ya kuwekea majembe. Njo tuliendea, miye, mukamwana na mutoto; kijana yangu akabaki muji na kazi yake.

Siku ya kuondoka tulipita ku bomba. Yule jirani alikuwepo.

“Maman, munahama? Kuna nini?”

Ningemwambia nini? Nikisema ukweli, jioni ingekuwa kwa kila mutu wa kilima, na kijana yangu alikuwa angali anapita mu ile njia ya Bunyakiri peke yake na mufuko ya zahabu. Wanawake walikuwa wananitazama. Nikaweka kifurushi chini.

“Ni bwaki,” nikasema. “Ulikuwa na haki. Tunaenda kwenye kuna chakula.”

Hakucheka. Alinishikia kifurushi mpaka ku barabara, na hiyo iliniuma kuliko angecheka.

Nyantende kuna upepo na matope. Mutoto anakaa inje siku nzima, chini ya kofia ya majani, ju jua ingali inamuchoma macho. Ngozi ya mikono ilirudi, nyororo sawa ya mutoto wa kuzaliwa leo. Jasho ilipunguka. Alianza kusimama akishika ukuta, kisha akishika miye. Lakini maneno yenye alikuwa nayo hayakurudi yote. Anajua kuomba maji, anajua jina yake, ananiita koko. Nilijaribu kumukoholea sawa padri. Ananitazama kwa heshima, sawa unatazama muzee mwenye kukohoa. Dokta ametupokea tena, dawa haijapatikana. Anasema tungojee. Mukamwana analima karibu yangu, uso yake imeanza kurudilia rangi ya mama yake, na hatuongei mingi.

Kijana yangu alikuja kutuona baada ya masika. Nilimwona toka mbali anapanda kati ya migomba, gunia ya unga ku bega. Mutoto alikuwa amekaa ku mulango. Nikakimbia, na magoti yangu yote mabaya, nikamukatia njia mbele ya kibanda.

“Vua,” nikamwambia.

“Nini?”

“Nguo. Vua hapa. Maji iko mu beseni.”

“Mama, niko mutu mukubwa. Bibi yangu ananitazama.”

“Amekuona uchi mbele ya leo. Vua.”

Alinitazama namna mutu anatazama askari wa barriere, mwenye kufunga barabara. Kisha akashusha gunia, akavua shati, suruali, viatu, soksi. Soksi zilikuwa nyeusi. Nikamumwangia maji mu kichwa, ku mugongo, kati ya vidole, sawa vile nilimuogesha mudogo, na alikuwa amekonda. Nikamupa kitenge yangu ajifunge. Hapo njo nilimuacha apite. Mutoto alimutazama muda murefu. Alikubali kubebwa, hakulia, lakini hakumwita papa; alishika sikio yake tu, akalala.

Wakati ya kwenda, alivaa tena nguo zake nyuma ya migomba. Nikamufuata.

“Utaacha hiyo kazi?”

“Na mutakula nini?”

“Kwetu kule hauchomei tena?”

“Kule hapana. Nimepanga chumba ingine, kwa watu.”

“Hao watu, wako na watoto?”

Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa inamutoka mu vidole. Alijaribu tena, ikamutoka. Nikapiga magoti mu matope, nikamufungia.

“Pahali pote kuna watoto, mama,” akasema. Akashuka.